Puto Lililoshuka Kazeh: Maoni ya Wasomaji wa Igalula juu ya Vitabu vya Jules Verne

Walimu wenzangu wamekwisha kuandika mengi juu ya vitabu vinavyotufundisha kilimo, afya na malezi ya watoto. Leo naomba nafasi niandike juu ya vitabu vya hadithi tupu, tena hadithi za safari ambazo hakuna mtu aliyepata kuzisafiri. Sababu yangu ni kwamba kimoja cha vitabu hivyo kinapita juu ya nchi yetu hii, na sisi watu wa Igalula tumekisoma pamoja, tukacheka, tukakasirika, tukabishana, na mimi nafsi yangu nikaaibika mbele ya wanafunzi wangu kwa jambo nitakalolieleza hapa chini.

Mtungaji wake ni Jules Verne, Mfaransa, aliyezaliwa katika mji wa Nantes mwaka wa 1828 akafa huko Amiens mwaka wa 1905. Alitunga mfululizo mrefu, vitabu zaidi ya 50, nao ulipigwa chapa Paris na Bwana Hetzel kwa jina la Safari za Ajabu. Desturi ya vitabu hivyo ni kwamba mtungaji huitwaa elimu ya zamani zake, ya umeme na hewa na nyota na mawe ya chini ya ardhi, akaisukuma mbele hatua moja au mbili kupita pale ilipofika, na katika nafasi hiyo huwatuma watu wake wakasafiri. Ndiyo sababu wengi humhesabu kuwa mmoja wa baba wa hadithi za kisayansi. Mwaka wa 1864 aliwashusha watu ndani ya dunia. Mwaka wa 1865 aliwatia watu watatu katika risasi ya mzinga mkubwa, akaipiga kutoka Florida kuelekea mwezini, na katika kitabu kilichofuata akawarudisha, wakaangukia bahari ya Pasifiki. Nasi sote twajua ya kuwa mwaka wa 1969 Wamarekani watatu waliondoka kweli Florida, wawili wao wakakanyaga mwezi, nao waliporudi wakaangukia bahari iyo hiyo. Vijana wetu walipoyasikia hayo walipiga makofi, na mmoja akaniuliza kama Verne alikuwa nabii. Nikamjibu, la, alikuwa mtu ajuaye hesabu.

Lakini kitabu cha kwanza cha mfululizo wote, kilichotoka mwaka wa 1863, hakikwenda mwezini. Kilikuja Unyamwezi.

Jina lake kwa Kiswahili chetu ni Majuma Matano Katika Puto. Mwingereza mmoja, Daktari Samuel Fergusson, anaunda puto kubwa alilolipa jina Victoria, naye akiwa na rafiki yake Dick Kennedy, mwindaji wa Scotland, na mtumishi wake Joe, wanaondoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862, wanavuka Afrika yote toka mashariki hata magharibi, wanaiona chemchemi ya Nile, na mwisho wanafika mto wa Senegal. Haya yote ni ya kubuni. Verne hakupata kuiona nchi hii. Alisoma habari za Bwana Burton zilizopigwa chapa mwaka wa 1860, yule Burton ambaye pamoja na Speke aliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, mahali ambapo leo ni Tabora.

Nakala niliyo nayo ni ya Kiingereza. Kila Jumamosi jioni nilikuwa nikisoma na kufasiri kwa kinywa, na wasikilizaji walikuwa wanafunzi wakubwa, akina mama kadhaa, mtu mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kukisoma kitabu, maana nilipofika penye jina Jihoue-la-Mkoa nilikwama kabisa. Nikalitamka hivi na hivi, nikadhani ni Kifaransa. Mzee akacheka, akasema, “Mwalimu, hilo ni Jiwe la Mkoa. Ni kituo cha njia ya Mgunda Mkali.” Tangu hapo tulisikiliza kwa masikio mengine: Zungomero, Rubeho, Jiwe la Mkoa, yote ni majina ya njia ya wapagazi, yamevaa tu kanzu ya kigeni.

Niseme kwanza yale yaliyotupendeza. Verne hana haraka. Kabla puto halijaondoka amekwisha kutueleza uzito wa kila kitu, wa watu, wa maji, wa chakula, wa nanga, na kila safari inapopatwa na shida tunajua ni ratili ngapi zitakazotupwa chini ili chombo kipande. Yule mtu wa reli alipenda mno jambo hili, akasema hivyo ndivyo gari la mizigo linavyopangwa. Lakini yeye huyo ndiye aliyeukataa mtambo wenyewe. Fergusson hataki kupoteza hewa yake ya haidrojeni, kwa hiyo anaipasha moto ipande na kuiacha ipoe ishuke. Na moto anaupata kwa kuyavunja maji kwa nguvu ya betri, akaiwasha hewa inayotoka. “Betri gani hiyo,” akauliza mtu wa reli, “yenye nguvu ya kupasha moto majuma matano? Na nani awashaye moto chini ya haidrojeni akalala usingizi?” Swali lake lina haki. Mwaka wa 1937 chombo cha Wajerumani kiitwacho Hindenburg, kilichojaa hewa iyo hiyo, kiliwaka huko Marekani kikateketea mara moja, na watu 36 wakafa. Hata hivyo wazo la kuvuka kwa puto kutoka Unguja halikuwa upuuzi. Mwezi wa Januari 1962, karibu miaka 100 baada ya tarehe ya kubuni ya Verne, Mwingereza Anthony Smith na wenzake wawili walivuka kweli kutoka Unguja hata bara kwa puto la haidrojeni walilolipa jina Jambo. Moto hawakuuwasha.

Basi puto likafika Kazeh, na hapo ndipo nyumba yetu ya kusomea ilipochangamka.

Verne anasema Kazeh si mji hasa, bali ni mashimo makubwa sita yaliyochimbwa, na ndani yake mna vibanda, nyua na bustani ndogo. Hakuna aliyeweza kutueleza mashimo hayo. Twafahamu tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la kulala na ua katikati, na pengine mtu atazamaye tembe katika kitabu asiwe ameiona huweza kudhani ni shimo. Katika bustani hizo, anasema, humea vitunguu, viazi, biringanya, maboga, na uyoga wa ladha isiyo na kasoro. Akina mama walicheka hata mmoja akafuta machozi. Uyoga wa bustani! Kila mtoto wa Igalula anajua ya kuwa uyoga wetu huota wenyewe miomboni mvua zinapoanza, na mwenye kuupata ni yule anayeamka mapema. Lakini mama yule alipomaliza kucheka alisema neno jema: “Walakini ladha yake amemwambia mtu aliyeula.” Nami naona ni kweli. Kosa ni la Paris, ladha ni ya kwetu.

Sokoni watu wanaliona puto, wanakimbia, kisha waganga wanatoka na kusema mungu wao Mwezi ameshuka pamoja na wanawe watatu. Daktari anaitwa amtibu sultani aliye mgonjwa, anakwenda tembeni kwake, anamkuta ni mtu aliyeharibiwa na ulevi, anampa dawa, mgonjwa anafumbua macho kidogo. Joe huku nyuma anaabudiwa, naye anawachezea ngoma ya mwezini. Mara mwezi wa kweli unatoka. Watu wanaona miezi ni miwili, wanajua wamedanganywa, wanakasirika. Puto linaondoka kwa shida, na mganga mmoja aliyetaka kulizuia ananaswa na nanga, anachukuliwa hewani na kushushwa mbali.

Vijana walicheka sana kwa huyo mganga. Mzee hakucheka. Akasema kwamba mpagazi aliyetembea miezi mitatu kwenda pwani na mitatu kurudi aliujua mwezi kama mwanafunzi ajuavyo kengele ya shule, maana ndio uliokuwa kalenda yake. Alijua utatoka saa ngapi usiku wa leo na wa kesho. Hawezi akashangaa kuuona. Verne alipotezwa na jina letu. Alisikia Unyamwezi, akasikia ndani yake mwezi, akatuwekea dini nzima juu ya neno moja. Na jina lenyewe hatukujipa sisi, tuliitwa hivyo na watu wa pwani, na wengi huona maana yake ni watu wa upande wa magharibi, kule mwezi mwandamo unakoonekana.

Mama mmoja mwalimu wa Jumapili alikuwa na shitaka lingine. Alisema Paulo na Barnaba walipoitwa miungu kule Listra walirarua mavazi yao na kukataa, bali huyu Daktari Mkristo alikubali kuwa mwana wa Mwezi kwa kuwa kulimfaa. Nikamtetea Daktari kidogo: alikwenda kumtazama mgonjwa hali angeweza kukimbia. Mama akanijibu kwamba kumtazama mgonjwa hakukuhitaji uongo. Nikanyamaza.

Juu ya sultani nina la kusema mwenyewe, maana nimeitafuta historia yake. Burton alipofika mwaka wa 1857 mtemi wa Unyanyembe alikuwa Fundikira. Baada yake alitawala Mnywa Sere, aliyetaka bidhaa za wafanya biashara zilipiwe ushuru. Waarabu wa Kazeh wakapigana naye, wakamtoa, wakamweka Mkasiwa. Speke aliporudi mwaka wa 1861 pamoja na Grant aliikuta vita hiyo ikiendelea, na mwaka huo Snay bin Amir, Mwarabu aliyekuwa mwenyeji wa Burton, aliuawa ndani yake. Kwa hiyo mwezi wa Aprili 1862, siku zile puto la kubuni lilipokuwa likitua, Kazeh ya kweli ilikuwa katika nchi ya vita, na neno lililogombaniwa lilikuwa kama mtemi ana haki ya kutoza kodi katika nchi yake mwenyewe. Simlaumu Verne kwa kutojua. Speke alizitoa habari hizo mwishoni mwa mwaka wa 1863, na kitabu cha puto kilikuwa kimekwisha kuuzwa. Lakini tazama tofauti: hadithi ilimpa mtemi chupa, historia ilimpa shauri.

Sasa nifike penye aibu yangu.

Kabla ya kufika Kazeh, Kennedy na Joe walishuka kuwinda. Waliporudi waliona kwa mbali puto limezungukwa na viumbe wengi weusi wakilipanda, wakadhani wenyeji wanamshambulia Daktari. Walipokaribia wakaona ni nyani. Baadaye wakafanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti ya nyani na wenyeji si kubwa. Na Joe akaongeza ya kwamba hata kwa karibu.

Ukurasa huo niliuruka. Nilipoukaribia jioni ile niliwatazama wale akina mama, na mzee amekaa na bakora yake, nikafumba kinywa, nikaanza tena penye safari ya kesho yake. Niliona nawaheshimu. Juma lililofuata msichana mmoja mwanafunzi, asomaye Kiingereza vizuri kuliko nilivyojua, aliazima kitabu. Siku ya pili alinijia, akaniamkia kwa adabu, akanionyesha kwa kidole, akasema, “Mwalimu, huu ulitusomea siku gani?” Sikuwa na jibu. Aliniambia kwamba alipoukuta alidhani ni yeye aliyefahamu vibaya, kwa kuwa Mwalimu hawezi kuacha kitu kama hicho. Akauliza kamusi, kamusi ikamwambia alifahamu vema. Nimewafundisha watoto miaka mingi ya kuwa kitabu husomwa chote, na yule mtoto alikaa usiku mzima na neno lile peke yake kwa sababu mimi niliogopa kukaa nalo mbele ya watu.

Jumamosi iliyofuata niliomba radhi, nikausoma. Watu walinyamaza. Kijana mmoja akasema kitabu kichomwe. Mtu wa reli akasema wakati ule Wazungu wote walinena hivyo, jambo ambalo si kweli, nami nilimwambia. Kisha mzee akauliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia: “Hao watatu, tangu waondoke Unguja, wamekwisha kusema na nani?”

Nikapekua nyuma. Walipita juu ya Uzaramo, juu ya Zungomero, juu ya milima ya Rubeho. Waliona moshi wa vijiji, walisikia kelele, waliona mishale. Lakini hata ukurasa ule wa nyani hawakuwa wamebadilishana neno na mtu hata mmoja wa bara. Mzee akasema, “Na mizigo yao nani aliichukua?” Nikajibu, hakuna, puto. Akasema, “Basi ndiyo hiyo.”

Nimelifikiri neno lake siku nyingi, nami naona ndilo ufunguo wa kitabu kizima. Wasomaji husema puto la Verne ni chombo cha kushinda umbali. Lakini Fergusson mwenyewe anapoeleza faida zake husema ndani yake mtu haogopi joto, wala mafuriko, wala homa, wala wanyama wakali, wala watu. Watu wamehesabiwa pamoja na homa. Anajisifu ya kuwa amefika Kazeh kwa siku mbili, hali Burton na Speke walichukua miezi minne na nusu. Miezi hiyo minne na nusu ilikuwa nini? Ilikuwa ni kutembea nyuma ya kirangozi, na kuomba maji, na kutoa hongo kwa watemi, na kugombana na wapagazi na kupatana nao tena, kila mmoja na mzigo wake wa yapata frasila mbili begani. Ilikuwa ni kusema na watu kila siku, kutaka usitake. Verne alibuni chombo cha kwanza cha kuvuka nchi yetu pasipo kutuhitaji, na mara alipokwisha kukibuni, macho yake yakaona makundi tu: kundi linalokimbia, kundi linaloabudu, kundi linalopiga kelele. Mzaha wa nyani haukuanguka kutoka mbinguni. Umetoka katika puto.

Na tazama jambo la ajabu zaidi. Puto hilo linaongozwa na ramani, na ramani ile imejaa Jiwe la Mkoa na Rubeho na Kazeh. Nani aliyemwambia Burton majina hayo? Ni wapagazi, na Waarabu wa njia, na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewafuata Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley. Babu zetu, ambao kijana wao hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka ameiona pwani, waliibeba pia ile elimu ambayo kwayo Mfaransa aliweza kuruka akiwa amekaa nyumbani kwake. Hawakulipwa kwa mzigo huo.

Ili nisimwonee Verne, nitaje kitabu chake kingine katika mfululizo huo huo, cha mwaka wa 1878, juu ya nahodha wa miaka 15 aitwaye Dick Sand, anayedanganywa akapelekwa Angola pamoja na wenziwe, miongoni mwao watu weusi wa Marekani. Humo hamna puto. Watu wanatembea, na kwa kuwa wanatembea Verne anaona: anaona msafara wa watumwa na minyororo yake, anaona mama mzee Nan akifa njiani, na mtu anayewaokoa wenzake ni Hercules, mtu mweusi mwenye nguvu na akili, anayejigeuza mganga bubu kwa werevu mkubwa. Wasikilizaji wangu walimpenda Hercules kuliko Daktari na puto lake lote. Hata hivyo mfalme wa Kiafrika aliyemo, Moini Loungga, anakunywa pombe iliyowashwa moto, naye anawaka hata anakuwa majivu. Wafalme wawili, na wote wawili chupa. Mtungaji aliyeweza kukisia bahari watakayoangukia watu wa mwezini alishindwa kukisia mtemi asiyelewa.

Je, kitabu cha puto kikae katika kabati la shule? Baadhi ya wazazi wamesema hapana, nami naheshimu hasira yao. Shauri langu ni kikae, chote, na ukurasa ule usigandishwe wala usikatwe, ila mtoto asiukute peke yake usiku. Nimeweka kipande cha karatasi mahali pale, nimeandika jina langu, ili anayefika hapo ajue nami nimepita, aje tuzungumze. Kufikia sasa wamekuja wanne.

Sasa tumeanza kile cha chini ya bahari. Vijana wanasifu umeme wa Nautilus, na madirisha yake, na yule Nahodha Nemo mwenye huzuni. Mzee alisikiliza jioni mbili bila neno. Jioni ya tatu aliniuliza majina ya mabaharia wanaokiendesha chombo kile. Nimetafuta mpaka mwisho wa kitabu. Hawana majina.